Maharage Kwenye Beseni

Liao Guifen alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kusikilizia cha kiwanda cha hedifoni, hapa hapa Shenzhen. Alikuwa anavaa, anasikiliza, anapitisha au anatupa. Kiwanda kilipohamia mikoa ya bara, yeye alibaki. Alikuja Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki, akakodi nusu ya meza yangu ya kuuzia chaja, akabandika kipande cha boksi: "Nakusikilizia. Yuani kumi."

Mwenyewe hakuuza hedifoni hata moja. Watu walimletea zile zisizo na waya walizonunua, kabla siku za kurudisha hazijaisha, naye akawaambia kama zinastahili bei yake. Kipimo chake kilikuwa sauti aliyoirekodi kwao, mkoani Hunan: mama yake anapukuchua maharage barazani, mvua inanyesha.

"Usiposikia maharage yakidondoka kwenye beseni," aliwaambia, "umenunua kopo."

Basi bidhaa zikaanza kurudi madukani, na wauzaji wakachukia. Aliyechukia zaidi ni Bosi Kuang wa ghorofa ya tatu, ambaye hedifoni zake ziliuzwa yuani mia nane na themanini. Asubuhi moja alishuka na jozi sita za maduka mbalimbali ndani ya mfuko, yake ikiwemo, watu wanamfuata.

"Dada Liao, macho yako ndiyo yanayosikia," alisema. "Ukiona bei, unajua la kusema. Leo tukufunge kitambaa, utuambie ipi ni bora."

"Funga."

"Na usizishike. Nitakuwekea mimi."

"Weka. Ila mikono yako isinuke samaki."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Akikosea hata mara moja, hakuna ambaye angemletea tena yuani kumi.

Alisikiliza zote sita, kisha akaomba kurudia ya pili na ya tano. Akarudia mara tatu. Kuang akaanza kumkejeli: "Umesinzia, mama?"

Hatimaye akasema, "Bora kuliko zote ni ya tano."

Kuang akaiinua ile ya tano ili kila mtu aione. Ilikuwa yake. Wateja wetu waliinamisha vichwa. Walikuja kumwona Kuang akiaibishwa.

"Sijamaliza," Guifen alisema, kitambaa bado kiko usoni. "Ya pili inaikaribia sana. Tofauti yake utaisikia ukikaa peke yako chumbani, kimya. Kwenye treni huisikii. Kama unasikilizia kwenye treni, chukua ya pili."

Ya pili iliuzwa yuani mia moja thelathini na tisa, ghorofa ya chini.

Kuang alimgeukia. "Sasa umenisifu au umeniharibia?"

"Nimesema nilichosikia."

Kufikia Jumamosi, zile za mia na thelathini na tisa zilikwisha. Kuang aliuza chache, lakini hakuna aliyemrudishia. Mwezi uliofuata alimjia kwa upole, akamwahidi nafasi dukani kwake na mshahara mara mbili ya alioupata kiwandani, ili mradi azungumzie bidhaa zake tu.

"Bosi, ukininunua masikio," alimwambia, "yatakufaa nini tena?"

Akamwita mwanamke aliyekuwa akingoja, akapokea hedifoni zake, akazivaa.