Siku Niliyombatiza Jambazi wa London Mbele ya Wakwe

Kaeni niwaambie, na anayetaka kunicheka anicheke tu, maana aibu hii nimeshaizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Mwaka ule baada ya Kombe la Dunia nilikuwa kinyozi pale Albert Park, mtaa wa wahamiaji kule kusini mwa Afrika, na nilikuwa nampenda Riziki, binti wa familia moja ya Uvira iliyokaa ghorofa za juu kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo. Baba yake, Papa Riziki, alinialika chakula cha mchana Jumamosi ili wazee wanitazame kabla ya neno la mahari kutajwa. Nikiwapendeza, mazungumzo yanaanza. Nisipowapendeza, Riziki anatafutiwa mtu mwingine.

Sasa, mimi nilikuwa na sifa moja tu mjini, nayo ni kutafsiri filamu. Kwetu, kwenye vibanda vya video, kuna mtu anasimama kando ya televisheni na kuisema filamu nzima kwa Kiswahili, na asichokielewa anakitunga, na anayetunga vizuri ndiye anayependwa. Papa Riziki alisikia sifa hizo, akaomba nilete filamu. Nami nilikuwa na kiburi changu kwamba siitazami kabla (nikishaijua, ulimi unakuwa mzito), kwa hiyo njiani nilipita Greyville, nikachukua DVD yenye mzungu wa suti ameshika bastola. Muuzaji aliniapia kwamba ni majambazi wa London, na kwamba kuna watu wanaipenda filamu hiyo kupita kanisa lao. Nyuma ya yule wa suti kulikuwa na mwenye nywele ndefu na gitaa. Gitaa sikulijali.

Tukala sombe, yaani kisamvu, na samaki, nikasimama kando ya televisheni, na mwanzoni nilikuwa moto kweli. Jambazi anavunja meza za watu, namtungia matusi ya heshima, wazee wanajipiga mapaja kwa kicheko, Riziki ananitazama toka mlango wa jikoni hadi nikaanza kuchagua suti ya harusi kichwani. Kisha jambazi akaua mtu wa bosi wake, akakimbia, akajificha kwenye nyumba ya yule mwenye gitaa, na filamu ya bastola ikafia hapo. Kilichobaki ni muziki wa kelele, mazulia, moshi, na watu ambao hawajaona kitana toka wazaliwe.

Wakaanza kupokezana sigara nene. Nikasema ni dawa ya kifua, London kuna baridi. Jambazi akavalishwa wigi na gauni. Nikasema amepokea habari za msiba wa dada yake, anamvalia nguo zake kwa majonzi (mama mmoja akasema pole). Halafu, jamani, nyumba nzima ikatoka bustanini, wanaume kwa wanawake, wakavua kila kitu wakaingia kwenye bwawa la samaki.

Rimoti alikuwa nayo Papa Riziki. Nilitanua koti langu mbele ya kioo, ila televisheni ilikuwa kubwa kuliko koti.

Papa Riziki akauliza, taratibu, "Bale batu banafanya nini mu maji?"

"Wanabatizwa, Papa," nikasema. "Jambazi ameokoka."

Mama wawili wakasema amina. Nikanogewa, nikamfanya mwenye gitaa kuwa mchungaji, nikamtungia mahubiri marefu, jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Hapo ndipo shemeji yake Papa Riziki, mama wa Kikenya aliyekuwa amekaa na soda yake, na kumbe Kiingereza anakijua, akanikata.

"Kijana, huyo hajasema Yesu. Amesema maji ni baridi, na huyo msichana amletee bangi."

Papa Riziki akasimamisha filamu (pale pale bwawani, hakuchagua pengine), akawaambia kina mama, isipokuwa shemeji, waende jikoni na mlango ufungwe. Nikadhani natafutiwa dirisha la kutupwa.

"Unasema uongo muzuri sana," akaniambia. "Sasa mutoto yangu atajua namna gani siku unasema kweli?"

Ulimi ulionilisha sifa mji mzima ulikuwa umekauka.

"Anza tena, toka mwanzo," akasema. "Neno kwa neno. Shemeji atasikiliza."

Basi nikatafsiri. Bangi nikaiita bangi, gauni nikaliita gauni, bwawani nikasema kila kilichosemwa, macho kwenye zulia, mbele ya mtu niliyetaka kumwita baba mkwe na kaka zake watatu, na kila nilipopunguza neno yule mama alikohoa. Nisilolielewa nilisema sielewi. Nilisema sielewi mara nyingi, na kila mara niliumia kama naungama.

Filamu ilipokwisha Papa Riziki akaizima televisheni, akasema ni filamu mbaya sana, na kwamba ndugu zangu waje wiki ijayo kuzungumza.

Tuna watoto wawili sasa. Filamu sitafsiri tena, hata za katuni. Na Riziki, ambaye siku ile alisikia kila neno nyuma ya mlango, akiniuliza nilikuwa wapi, namwambia nilipokuwa, hata kama ni pabaya.