Nyumba ya Ragna Yavuka Bakuli

Ragna Tveit hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo mara mbili, na hata hiyo mara ya kwanza ilibidi ujipange. Alizaliwa katikati ya bonde la Mto Mwekundu, kwenye udongo mweusi tii wa mfinyanzi, na mtu aliyekulia pale hujifunza ubishi kabla ya kujifunza kutembea. Udongo ule, jamani! Ukilowa unakuvua viatu mchana kweupe, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mkono. Na nchi yenyewe imelala bapa, maji ya masika yakishaingia hayana pa kwenda, yanakaa tu kama mgeni asiye na haya. Wazee husema zamani za barafu kuu palikuwa ziwa. Ragna alikuwa akisema ziwa halijahama, limejifunika tu.

Lakini ngano ya pale, usiseme. Ndiyo maana watu walivumilia.

Nyumba aliyozaliwa ilijengwa na baba yake kwa mbao za mialoni ya mtoni, kwenye shamba la kukodi. Ndani yake Ragna aliolewa, ndani yake akajifungua watoto watatu, na ndani yake akamfumba baba yake macho. Kisha mwenye shamba akafa, warithi wakaliuza kwa bwana mmoja wa kusini ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: nyumba ni ya Ragna, aende nayo akitaka. Ila kitakachokuwa hakijafika kwenye ardhi ya Ragna mwenyewe ifikapo mwanzo wa Aprili, kitahesabiwa cha mnunuzi. Ama ihame, ama ipotee.

Pa kuipeleka palikuwepo. Mjomba wake alishampa kiwanja upande wa mashariki, kwenye tuta refu la mchanga ambako maji hayatuami. Kati ya huku na kule kulikuwa na maili mbili za mbuga tupu.

Kwetu nyumba husafiri wakati wa baridi, na hakuna anayetoka nje kushangaa. Ardhi ikishaganda kama chuma, nyumba inainuliwa kwa jeki, inakalishwa juu ya magogo mawili marefu yaliyochongwa ncha, farasi wanafungwa mbele, safari inaanza. Mwenye nyumba wa kike hashuki. Anabaki ndani anapika, na moshi unatoka kwenye bomba njia nzima, kwa sababu kuzima jiko ni kumtangazia kila mtu kwamba humwamini mvutaji wa nyumba. Ragna hakulizima. Mvutaji alikuwa Embret, kaka mkubwa wa mumewe, mtu aliyehamisha nusu ya nyumba za wilaya na hajawahi kupasua kioo hata kimoja.

Kosa ni kwamba Embret alichelewa. Majira yale watu wengi walihama, na zamu ya Ragna ilifika Machi ikiwa imekwisha kukomaa. Jumamosi walivuta kutwa, farasi wakitoa mvuke mapuani, na jua lilipoanza kuinama nyumba ilikuwa imefika pale tunapopaita Bakuli, chini kabisa, ambapo masika bata huogelea juu ya ngano. Embret akawafungua farasi, akainua uso. Upepo ulikuwa umegeuka unatoka kusini.

Akamwendea Ragna mlangoni.

"Shemeji, kesho alfajiri tunavuta. Hii baridi inaondoka. Mungu atatuelewa."

"Atakuelewa wewe," Ragna akamjibu. "Mimi ananijua. Nyumba hii haijafanya kazi Jumapili tangu ijengwe, na haitaanzia hapa."

Embret akamtazama mdogo wake Sivert, mume wa Ragna, kutafuta msaada. Sivert alikuwa akikagua viatu vyake. Na wavutaji wengine waliokuja na Embret, ambao majumbani mwao hata viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi, walishusha pumzi kwamba limesemwa na mtu mwingine. Hivyo ndivyo watu walivyo. Walitaka Sabato ishikwe, na lawama ibebwe na Ragna.

Jumapili jua likatoka kama limetumwa. Theluji ikaanza kuyeyuka ikilia pande zote. Watu waliotoka kanisani wakaiona nyumba imesimama katikati ya mbuga inatoa moshi, haina njia, haina ua, wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaja kuiona kwa karibu. Mama Thea Moen, bibi mnene mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alisimama chini ya dirisha akauliza barua za hapa ziletwe kwa farasi au kwa mtumbwi. Ragna akamwambia aingie ndani aache kuzuia hewa. Akawakaribisha wote. Akamimina kahawa birika kwa birika, akatoa zile chapati za viazi zenye siagi na sukari, na zilipokwisha akashusha darini paja la nguruwe alilolitunza kwa ajili ya Pasaka, akalikata lote. Sivert alimnong'oneza akimuuliza wao watakula nini. Ragna akampa kisu amsaidie kukata.

Embret hakuingia. Alikaa nje juu ya rundo la minyororo, anaangalia magogo. Alasiri yalikuwa yamezama upana wa kiganja.

Ragna aliyaona alipotoka kumwaga maji. Akarudi ndani, akapita katikati ya wageni anatabasamu, akajifungia stoo, akalia ndani ya aproni. Aliogopa kweli. Mikono ya baba yake ilikuwa kwenye kila ubao wa nyumba ile, na yeye ameisimamisha kwenye tope kwa neno lake mwenyewe. Hakujua kama lile neno lilikuwa imani au kiburi tu. Mtu akikwambia Ragna alijua, amekudanganya.

Jumatatu asubuhi Embret aliwafunga farasi wote. Walivuta, wakazama juu ya kwato, wakateleza, wawili wakaanguka, mmoja akalia kama mtoto. Embret akakata kamba kabla hawajavunjika miguu.

Akamwambia Ragna, bila hasira, kwamba tope lingekauka mwezi wa Juni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba Juni nyumba ingekuwa ya yule bwana wa kusini.

Ragna akachukua mtaimbo, akashuka na sketi yake kwenye tope la kufika kifundoni, akauchoma chini kando ya gogo. Ukaingia shubiri moja, ukagonga. Kila mtu bondeni anajua ardhi huyeyuka kuanzia juu, na Embret alilijua hilo vizuri kuliko wote. Chini palikuwa bado chuma. Sakafu ya kubebea nyumba ilikuwepo; kilichokosekana ni mahali pa farasi kukanyaga.

"Basi farasi wasitembee na nyumba," Ragna akasema. "Wasimame mahali pakavu, nyumba iwafuate."

"Nina nguzo ya kuzungusha, shemeji, farasi akiizunguka inakunja kamba. Kamba ndiyo sina. Yangu haifiki hata robo ya njia, na mahali pakavu ni kule kwenye tuta."

Embret alikuwa bado anasema walipoona mikokoteni. Wa kwanza ulikuwa wa Mama Thea, wanawe wameshika hatamu, umejaa majani makavu, na yeye amekaa juu na fungu la minyororo mapajani. Nyuma yake wengine, na wengine nyuma ya hao, kila mmoja na kamba za ghalani, za kisimani, za meli ya mtoni. Waliokula meza ya Ragna jana walikuwa wamerudi, hata wale waliocheka zaidi.

"Umekuja kuleta barua?" Ragna akamuuliza.

"Nyama yako ya Pasaka tumeimaliza sisi," Mama Thea akasema. "Ulidhani tutakuacha hapa na matumbo yetu yameshiba?"

Ragna akageuka akapanda ndani haraka, akachochea jiko, maana machozi yalikuwa yamekwisha kufika.

Wakaisimamisha ile nguzo kwenye ukingo wa tuta, wakaifunga kwa gogo walilolizika mchangani. Wakaunga kamba kwa mnyororo na mnyororo kwa kamba mpaka ikafika Bakuli. Farasi mmoja wakamweka azunguke nguzo juu ya majani makavu, polepole, kama ngamia wa kinu cha mafuta. Kamba ikanyooka, ikanyanyuka kutoka topeni, ikaanza kudondosha maji. Wanaume wakasogea mbali. Nyumba ikaguna toka chini hadi paa.

Kisha ikateleza.

Lile tope tulilolitukana tangu babu zetu wafike, lilikuwa limelala juu ya barafu kama sabuni sakafuni, na nyumba ya mialoni ikapita juu yake kwa ulaini ambao Embret hakuwahi kuuona. Watu walipiga kelele zilizosikika ng'ambo ya mto. Wanaume wazima walitupa kofia matopeni. Ragna, ameshika birika lisimwagike, alisikia sakafu inatembea chini ya nyayo zake, akaanza kucheka peke yake kwa sauti kubwa, akashindwa kunyamaza.

Kamba ilikatika na kuungwa, ikakatika tena. Nyumba ilikuwa haitaki kwenda moja kwa moja. Kwa utelezi ule ilijigeuza kidogo kidogo, kama mtu anayejipindua usingizini. Jumanne alasiri magogo yakagusa mchanga, yakakwaruza kwa mlio mkali, na ule mlio ulikuwa mtamu kwa Ragna kuliko kinanda cha kanisani. Akafungua mlango, akaruka chini mwenyewe bila kungoja mkono wa mtu, akapiga mguu ardhini. Kiatu kikabaki mguuni.

Embret alikuwa anaizunguka nyumba, anakuna shingo. Vioo vyote vilikuwa vizima, lakini aliona aibu. Nyumba ilikuwa imeipa mgongo barabara ya juu ya tuta, na mlango umegeukia magharibi, kwenye mbuga walikotoka.

"Kesho nitaigeuza, shemeji. Ni kazi ya asubuhi moja. Wapita njia wasione mgongo wako."

Ragna akaitazama ile mbuga. Ilikuwa imechimbika yote, nyayo za watu na kwato na magurudumu, na Mama Thea bado yuko mle katikati anawagombeza wanawe wakusanye minyororo.

"Iache," akasema. "Walionivuta wamepita upande huu. Wengine watazunguka."

Haikugeuzwa. Ragna aliishi mle mpaka akawa bibi wa wajukuu, na siku ya kumzika walimtoa kwa mlango ule ule unaotazama mbuga, ilhali watu walikuwa wamejaa mpaka chini Bakuli, na viatu vyao matopeni.