Alama Mbili Zilizomkosesha Bernadette Uwakili

Bernadette Ogden alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili katika ofisi ya wakili Pickersgill, pale Burnley, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Wosia, talaka, mauziano ya nyumba, vyote vilipita mikononi mwake kabla ya kufika mezani kwa mzee. Watu walimsimamisha sokoni kumuuliza mambo ya sheria, naye akawajibu, "Muulizeni mzee mwenyewe, mimi karani tu."

Maneno hayo yalianza kumchoma siku ya kesi ya Bi. Entwistle, ajuza wa miaka themanini aliyekuwa akifukuzwa katika nyumba aliyopanga tangu mumewe yu hai. Asubuhi hiyo theluji ilifunga barabara, Pickersgill akakwama njiani, na Bernadette akafika mahakamani peke yake, faili kwapani. Notisi ya mwenye nyumba ilikuwa na tarehe isiyo sahihi, kwa hiyo haikuwa na nguvu kisheria. Bernadette ndiye aliyeligundua kosa hilo. Akasimama.

"Wewe ni wakili?" akauliza hakimu, aliyekuwa na kesi kumi na moja za kumaliza kabla ya adhuhuri.

"Hapana, mheshimiwa. Nafanya kazi kwa wakili wake, lakini hii tarehe..."

"Basi kaa chini, mama. Bi. Entwistle, una la kusema?"

Ajuza akageuka kumtazama Bernadette. "Mimi sijui kitu, baba. Huyu ndiye anayejua."

Bernadette akakaa, faili limefunguka mapajani, kidole chake juu ya ile tarehe. Amri ikatolewa: siku kumi na nne. Pickersgill alitaka kuipinga, lakini Bi. Entwistle alikwisha kuchoka. Akafunga virago, akaenda kuishi na dada yake Blackpool.

Juma lile lile mzee alimwita ofisini kwake. "Bernie, kwa nini usiwe wakili?"

"Usinitanie, mzee."

"Sitanii. Siku hizi kuna uanagenzi. Unafanya kazi hapa hapa, siku moja kwa juma unasoma, baada ya miaka sita unafanya mtihani wa uwakili. Karibu ada yote inatoka serikalini."

"Na hii miaka yangu arobaini na minne?"

"Hakuna aliyeiuliza."

Chuo kilikuwa na sharti moja lililomtia kiwewe: cheti cha hesabu, somo alilofeli akiwa na miaka kumi na sita na kuapa kutolirudia. Akapiga moyo konde. Jioni alitandaza daftari jikoni, na mumewe Clive, dereva wa gari la taka la manispaa, hakuacha kumchokoza.

"Wakili wangu, leo x ni ngapi?"

"X ni mwanamume anayengoja kupikiwa, ilhali mikono anayo."

Clive alicheka, akainuka kukaanga mayai.

Mwezi wa Mei redio ikatangaza kwamba kuanzia Januari, fedha za umma kwa uanagenzi wa ngazi ya juu, wa uwakili ukiwamo, zitakuwa za vijana wasiotimiza miaka ishirini na miwili. Serikali ilisema vijana ndio wanaozihitaji zaidi. Bernadette alihesabu miezi kwa vidole. Akifaulu mtihani wa Juni, angeanza Septemba, na atakayekuwa ameshaanza hataguswa.

Matokeo yakatoka Agosti. Alikuwa amepungukiwa alama mbili.

Aliomba karatasi yake isahihishwe upya. Ikarudi vile vile. Akapiga simu chuoni.

"Muhula unaofuata ni Februari, dada," alisema msichana wa huko.

"Na serikali inafunga Januari."

"Ndiyo. Pole sana, kwa kweli."

Msichana yule alisema pole kwa moyo, na hilo ndilo lililomliza Bernadette. Angepata wa kugombana naye, angegombana. Alimwandikia mbunge, ikaja barua ya kumshukuru kwa maoni yake. Pickersgill alivua miwani, akaisafisha muda mrefu. "Bernie, ningekuwa na uwezo ningekulipia mwenyewe. Ofisi hii unaijua kuliko mimi." Kweli aliijua. Yeye ndiye aliyeandika barua za kuwasihi wenye umeme wawavumilie na deni.

Novemba akaenda tena kufanya mtihani wa hesabu.

"Wa nini tena, mpenzi?" Clive aliuliza, safari hii bila utani.

"Sijui," akasema, akachukua rula na kalamu zake.

Januari cheti kikaja. Alikuwa amefaulu, na alama za akiba. Clive alimkumbatia kando ya jiko asijue kama ampongeze au ampe pole, na Bernadette naye hakujua anataka lipi.

Baada ya siku chache mzee alimjia, hakukaa. "Kuna binti ameomba nafasi ile. Saira Mahmood, ana miaka kumi na minane. Ada yake serikali italipa yote. Lakini ukisema hapana, nitaelewa."

Bernadette alitafuta hapana moyoni mwake, akaikuta ipo, nzima kabisa. Lakini angeisema kwa kosa gani la mtoto wa watu? Alikuwa akimfahamu baba yake, fundi cherehani, mtu wa heshima zake.

"Mchukue," akasema.

Saira alikuja Februari, viatu vipya vikimbana, daftari kifuani. Alikuwa mwepesi wa kuelewa na mnyenyekevu. Hata kumchukia ilikuwa kazi.

"Anti Bernie, mzee anasema kila kitu nikuulize wewe."

"Uliza."

"Hivi wewe hukutaka kuwa wakili?"

Bernadette aliendelea kupanga mafaili ya siku hiyo, moja, la pili, la tatu.

"Nilitaka," akasema. "Sogeza kiti, mwanangu. Tuanze na hili la juu."