Hamsini na Tisa Haikai

Nakumbuka, mwanangu, mchana wa harusi ya mdogo wangu Zuhura, nyumbani kwetu Magomeni. Pilau linanukia mpaka barabarani, na mimi, dada mtu, nimejifungia chumba cha uani, nimenuna. Nimesusa.

Wajua kwa nini? Wakati huo ndiyo kwanza nimefungua duka langu la kanga Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Zuhura kaenda kununua sare ya harusi yake duka la tatu kutoka langu! Niliona nimepakwa masizi mbele ya soko zima. Basi nikasema, wale wenyewe.

Akaingia Shangazi Mwanahawa, msimamizi wa masinia. Kwetu watu hupangwa idadi sawa kwa kila sinia. Sinia pungufu ni aibu ya mwenye shughuli. Hakunibembeleza. Alikaa kitandani, akavua viatu.

"Nina wanawake hamsini na tisa huko nje," alisema. "Nikiwapanga wanne wanne, sinia la mwisho lina watatu. Watano watano, la mwisho lina wanne. Sita sita, la mwisho lina watano. Kila nikigeuza, anapungua mmoja."

"Wapange watatu watatu."

"La mwisho lina wawili. Hata wawili wawili, mmoja anakula peke yake."

Nikajaribu kichwani, maana muuza duka hakubali kushindwa hesabu. Kweli bwana. Hamsini na tisa ni namba kaidi, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini itie mmoja tu, iwe sitini: wawili wawili, watatu watatu, wanne, watano, sita, wote wanakaa na habaki mtu. Huipati namba ndogo kuliko hiyo yenye ukarimu huo.

"Si umwite jirani yeyote?" nikamwambia.

"Naweza, na sinia litajaa." Alikuwa anavaa viatu. "Ukisusa wenzio hula, hilo unalijua. Ila tangu asubuhi bibi harusi anauliza, dada yuko wapi."

Akatoka. Nilibaki kama niliyemwagiwa maji. Nikanawa uso, nikaenda chumbani kwa Zuhura. Aliponiona alilia mpaka wanja ukamchirizika, akanitolea doti yangu ya sare, alikuwa ameiweka chini ya mto.

"Dada, kwako ungekataa nikulipe," alisema, "na duka lenyewe bado changa."

Kumbe mtu niliyemnunia alikuwa ananihurumia. Pilau la siku ile, mwanangu, sijala tena tamu kama lile.

Sasa nasikia umejitoa kwenye kundi la harusi ya kaka yako, na simu umeizima, kisa hukuwekwa kwenye kamati. Kununa sikukatazi, mimi mwenyewe nilikuwa hodari wa kununa. Ila muulize kwanza ndugu yako kwa nini, kabla hujafunga mlango. Na ukinuna, nuna ukiwa ndani ya shughuli, umekaa kwenye sinia na wenzio. Usijidharau ukasema wewe ni mmoja tu. Sitini ikikosa huyo mmoja, haipangiki tena.

Mungu akupe ndugu wa kugombana nao na kupatana nao, na kila shughuli utakayoiendea ukute wamekuachia nafasi. Amina. Haya, washa simu.