Barua Iliyokosa Mwenyewe Shanghai

Barua ile ilikaa ubaoni siku nne, na mimi nilipita mbele yake kila siku nikienda kula na kurudi, najifanya naangalia viatu vyangu.

Ubao wenyewe ulikuwa mlangoni mwa bweni letu kule Shanghai, umefungwa kamba mbili za kubania barua. Mzee wa Kichina aliyelinda mlango alizipanga pale kila zilipoletwa kutoka ubalozini. Tulikuwa vijana kumi na mmoja wa Kitanzania. Wachina walileta vijana wao kwetu kuchimba visima, sisi tukapelekwa kwao kujifunza injini za dizeli na pampu za maji, miezi kumi na minane. Wenzangu wote walilisoma jina la kwenye bahasha ile, wakaulizana huyu ni nani, wakaliacha. Hakuna aliyemjua. Nilimjua mimi, maana lilikuwa jina langu.

Nieleze, msije mkaniona mhalifu.

Mimi ni mtu wa Kwaluguru, Handeni. Shule niliishia darasa la tatu, mbuzi wa baba wakanihitaji. Nilipochoka na mbuzi nikashuka Korogwe, nikaingia gereji ya Mhindi mmoja kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Sijisifu, nasema lililokuwa: mwaka wa pili nilikuwa nafungua injini ya lori na kuifunga, na hakuna nati inayobaki mezani. Nilikuwa naweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake kwenye injini, nakwambia vali ya ngapi inagonga. Yule Mhindi alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu masikio yake iko na macho."

Mdogo wangu, tumbo moja, ndiye aliyemaliza la saba. Walipotafuta wilayani kijana wa kupeleka China jina lililotoka ni lake, maana walitaka cheti. Naye spana hajawahi kuishika, na basi la Handeni kwenda Korogwe tu lilikuwa linamtapisha. Akaniambia, "Kaka, chukua cheti, nenda wewe. Mimi kwenye ndege hiyo nitafika maiti." Tukakubaliana. Picha kwenye pasi ikawa yangu, jina likawa lake. Baba tulipomwambia aliendelea kunoa panga mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Mtajuana wenyewe. Mimi majina nilishatoa, sitoi mengine."

Basi nikaenda. Ninyi mnaosoma mnadhani tabu ya kule ilikuwa baridi. Ilikuwepo, ya kukufanya usijue kama una masikio. Walitupa makoti mazito yaliyoshonwa pamba ndani, tukawa tunatembea kama magunia. Baiskeli barabarani zilikuwa nyingi kuliko watu wa Handeni nzima, na tukisimama kununua karanga watu walijaa kututazama, watoto wanataka kugusa nywele. Hayo yote nilizoea. Chakula nilizoea, maana walitutengea jiko la Waislamu, na vijiti vya kulia nilivijua siku tatu tu, kabla ya wote. Kitu ambacho sikukizoea ni kuitwa asubuhi.

Mkalimani wetu alikuwa kijana mwembamba wa Kichina, Kiswahili amekisoma chuoni. "Ndugu," alikuwa akiniuliza, "je, usingizi wako ulikuwa wa kuridhisha?" Kila asubuhi alisimama uani na orodha, akasoma majina. Likifika jina la mdogo wangu, mimi nasikia ni mdogo wangu anayeitwa. Nakaa kimya. Anarudia. Ndipo nashtuka, naitika, jasho linanitoka ndani ya koti na nje kuna barafu. Wiki ya kwanza nilisingizia kwamba kelele za gereji zimeniharibu masikio. Akaandika kwenye daftari lake. Alikuwa anaandika kila kitu kijana yule, na mimi daftari lile nililiogopa kuliko polisi. Niliwaza siku moja atapanga maandishi yake, aone kwamba kiziwi wake ndiye yule yule ambaye fundi mkuu wa kiwanda tulichojifunzia anamwita asikilize injini iliyoshinda wengine. Nikigundulika narudishwa nyumbani, na wilayani wananingoja mimi na mdogo wangu, pingu mbili.

Mmoja tu kati ya wenzangu alikuwa ameanza kunusa. Alikuwa Mnyamwezi wa Korogwe, baba yake aliletwa manamba kukata mkonge akabaki huko huko. Tulilala chumba kimoja. Na Mnyamwezi kwa Mzigua ni mtani, anakutukana mbele ya mama yako na wewe huruhusiwi kununa, anachukua kuku wako bandani na wewe unacheka. Ubaya wa mtani ni huo, hujui lini anatania na lini anasema kweli. Ukimuuliza, umeshajibu.

"Kiziwi wangu," alikuwa akiniambia, "leo umesikia nozeli ya injini ikilia nyuma ya ukuta. Mimi nikikuita ule, husikii."

"Nozeli inaita kwa adabu."

"Haya. Nitamwambia mkalimani akuite kwa adabu ya nozeli."

Yeye ndiye alikuwa akiniandikia masomo yangu daftarini. Nilimwambia mwandiko wangu mbaya. Aliandika bila kuuliza, na kule kutouliza ndiko kulikuwa kunaninyima raha.

Sasa rudi kwenye barua. Nyumbani mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaandika, kila mwezi wa pili, na juu ya bahasha anaweka jina lake mwenyewe, tulivyoagana. Mwandiko wake mzuri, umelala pamoja kama mkeka. Hii mpya ilikuwa na mhuri wa Handeni, lakini mwandiko siujui. Herufi kubwa, moja imesimama, moja imeinama, kama nguzo za boma lililopitiwa na ng'ombe. Na jina ni langu la kuzaliwa.

Nilisimama pale siku ya kwanza nikajiuliza. Kama si mdogo wangu aliyeandika, mdogo wangu yuko wapi? Angekuwepo asingeacha jina hilo liandikwe. Basi ama ameshikwa, ameeleza yote, ama amekufa. Hilo la pili lilipoingia kichwani halikutoka. Nikawa naitwa asubuhi kwa jina lake na kila nikiitika naona kama naitikia kaburi.

Kuichukua sikuweza. Ningesema ni ya nani? Siku ya tatu mkalimani aliinyanyua bwaloni, tunakula, akasoma jina lile mara mbili, anatutazama mmoja mmoja.

"Ndugu zangu, mtu huyu hayumo katika orodha yangu. Jumamosi asubuhi nitairudisha ubalozini, nao watafanya uchunguzi ni nani." Akairudisha ubaoni.

Uchunguzi. Neno hilo aliloliokota chuoni lilinifanya nisukume bakuli la wali kando. Ubalozini kuna faili, na faili lina cheti, na cheti kinatoka Handeni, ambako mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia kwamba fulani ni yule wa gereji.

Siku ile kiwandani nilifanya kitu ambacho sijakifanya tena maishani, nilifunga ringi ya pistoni juu chini. Fundi mkuu, mzee asiyecheka, aliifungua kimya kimya, akaniwekea mkononi, akanitazama machoni kwa muda mrefu. Heri angenitukana.

Jioni mtani wangu alikaa kitandani kwake anafuta viatu.

"Mzigua," akasema, "nina swali la historia. Njaa ilipowabana babu zenu, si waliuza ndugu zao kwa pishi ya mtama?"

"Na babu zako ndio walikuwa wanabeba mizigo ya waliowanunua."

"Kweli. Sasa mwenzangu, wewe njaa ilipokubana uliuza nini? Maana naona ndugu yupo, kilichopotea ni jina."

Alifuta kiatu cha pili. Nilingoja acheke ili nijue ni utani, hakucheka.

"Kesho kutwa Jumamosi," akasema.

Ijumaa sikula. Nilifikiri nimfuate mkalimani nimweleze yote kabla hajaniumbua. Nikafika mpaka mlangoni kwake, nikasikia anajisomea Kiswahili kwa sauti, anarudia sentensi moja tu, nikarudi.

Jumamosi asubuhi tulipanga mstari uani. Mkalimani alikuwa na mkoba begani, barua ile ameishika pamoja na orodha. Akasoma majina. La mdogo wangu niliitika mara moja, sauti kubwa, mpaka mkalimani akainua kichwa. Alipomaliza, mtani wangu alitoka mstarini, akamfikia, akaichomoa barua mkononi mwake kama mtu anavyochuma embe la jirani.

"Ndugu, unafanya nini?"

"Nachukua mali ya mtani wangu," akasema, akaninyooshea kidole. "Huyu Mzigua. Kwetu mimi naruhusiwa kuchukua kuku wake, mbuzi wake, na barua yake. Muulize mtu yeyote hapa."

Wenzetu wakacheka, wakasema ni kweli, ndivyo ilivyo. Mkalimani akafungua daftari. "Utani. Neno hili mwalimu wangu alisema ni mzaha."

"Mwalimu wako hajafiwa akiwa na watani."

"Lakini barua si yake. Jina ni la mtu mwingine."

Mtani akageuza bahasha, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza.

"Jina hili ni la nduguye. Tumbo moja. Mzee wao ana watoto tele na macho yamechoka, akimtaka huyu anamwita yule. Siku ya kuagana Korogwe alimwita huyu kwa jina la mbuzi."

Sijui kama mkalimani aliamini. Alinitazama. "Ni kweli, ndugu? Hili ni jina la ndugu yako?"

"Ni kweli," nikasema. "La ndugu yangu."

Ndivyo nilivyolikana jina langu mbele ya watu kumi. Akaniletea daftari nitie sahihi kwamba nimepokea. Nikatia ya mdogo wangu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sana.

Mtani alinipa barua haijafunguliwa. "Kasome mwenyewe," akasema polepole. "Ukikwama usiniite, sitaki kujua. Na nyama yako ya Ijumaa ni yangu mpaka tupande ndege."

Nilikwenda kwenye tanuri la maji ya moto, pale tulipojazia chupa za chai, kwa sababu asubuhi hapakuwa na mtu na palikuwa na joto. Nikaifungua nikijua nitakuta msiba. Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa upande mmoja, na penseli imekandamizwa mpaka imetoboa. Niliifuata kwa kidole neno kwa neno.

"Mwanangu. Mimi baba yako ninaandika kwa mkono wangu. Hakuna aliyenishika mkono. Tunasoma kisomo cha watu wazima jioni ghalani. Mwalimu ni mdogo wako. Anatukaripia sisi wazee kama watoto. Tumehamishwa tuko Sindeni nyumba zimepangwa mstari. Ukirudi usiende Kwaluguru nyumba haipo. Mama yako mzima. Mbuzi wawili wamekufa. Hii ni barua yangu ya kwanza. Mdogo wako alisema bahasha niandike jina lake. Nikamwambia mtoto ninayemwandikia ninamjua."

Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu sikutumia kidole. Mzee yule nilimwacha akitia dole gumba kwenye wino badala ya sahihi.

Halafu hofu ikarudi, na sasa ilikuwa na sababu. Maneno yale ya mwisho, mtu yeyote akiyasoma amenimaliza. Vitanda vilikaguliwa kila wiki. Mdomo wa tanuri ulikuwa wazi, makaa mekundu, mkono wangu ungefika bila kunyoosha. Ndugu yangu mwenyewe ningekuwa nimemwokoa. Nilisogeza karatasi karibu mpaka vidole vikaungua. Sikuweza. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilifumua mshono wa kushoto wa koti langu, nikaitia katikati ya pamba pamoja na bahasha yake, nikaushona kwa sindano niliyoazima kwa mzee wa mlangoni. Miezi kumi na moja iliyobaki nilivaa koti lile hata jua la kiangazi likiwaka, wenzangu wakadhani nina homa. Kwenye ukaguzi wa forodha, siku ya kurudi, ofisa aliligusa begani tu, akanipungia mkono nipite.

Cheti cha Shanghai nilikwenda kumpa mdogo wangu Sindeni, maana jina ni lake. Amekitundika sebuleni kwake. Mtu asiyeweza kubadilisha utambi wa jiko ni fundi wa dizeli kwa maandishi ya Kichina na mhuri mwekundu. Mimi nina gereji Korogwe, nimeijenga tofali kwa tofali, na pampu nyingi za visima upande wa Handeni zikinyamaza ni mimi ninayeitwa. Watu wa ofisi wakiniuliza cheti nawaambia waniletee injini kwanza, cheti tutakitafuta ikiwaka. Mpaka leo hakuna aliyerudi kukiuliza.

Koti bado ninalo. Limetundikwa nyuma ya mlango wa gereji, na Korogwe hakuna baridi ya kulivaa. Mke wangu ameshataka kulitoa pamba zake ashonee mto, nikamwambia aliache. Ule mshono wa kushoto sijaufumua. Baba ameshatangulia, mdogo wangu ndiye aliyeniambia niyaandike haya, hakuna tena wa kunikamata. Hata hivyo sijaufumua.

Mtani wangu hupita gerejini akiwa na haja au hana. Anachukua spana ukutani bila kuomba, na mlangoni analibonyeza koti kidogo, karatasi inalia. Kisha ananiita kwa jina la mdogo wangu, kwa sauti, wateja wasikie.

Nami siku hizi naitika mara ya kwanza.