Fungu la Nyaya Mbichi

Harufu ya mwarobaini mbichi ukiungulia ndani ya shaba iliyoyeyuka haifanani na moshi mwingine wowote. Ni chungu, inakaba koo, na kwetu Pongwe ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu. Miaka hiyo biashara ilikuwa imeachiwa huria. Mashamba ya mkonge yamekwisha kufukuza watu, vitu vimerudi madukani lakini mfukoni hamna kitu. Mjomba Mbaruku, kaka yake mama, akajenga tanuri la kuyeyushia nyaya za shaba nyuma ya nyumba yetu. Tanuri lake, kazi ya mama. Mimi nilivuta mivuo kupulizia moto. Mama alitia vigae vya chupa ndani ya chungu cha shaba ili uchafu ushikane, akauengua kwa upawa wa chuma, kisha akazamisha mti mbichi wa mwarobaini. Shaba ikatokota, ikatapika hewa yote mbaya, mpaka uso wake ukatakata. Lakini chuma hakikuingia humo kabla hajakikausha mdomoni mwa tanuri, hata upawa wenyewe. Maji yakinaswa chini ya shaba ya moto, shaba hulipuka.

Siku hiyo Hemedi, mnunuzi wetu, alifika na lori na gunia la nyaya zilizonyeshewa. Alitaka ziongezwe papo hapo.

"Hizi zina maji," mama akasema. "Ziacheni zikauke."

"Ala, Mama Zuhura! Nyaya unazianika kama dagaa?"

Mjomba akacheka. Alimwogopa Hemedi kuliko Mungu. "Tia, dada. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

"Sitii."

Mama akainama kuengua utando wa mwisho. Mjomba akakamata fungu la nyaya, akalirusha chunguni kupitia juu ya bega la mama.

Nilisikia mlio, kisha mama akiliita jina langu. Macho yake yote mawili yalikwenda. Hemedi alingoja shaba iliyobaki ipoe, akapakia, akaondoka. Na mbele ya wazee wa mtaa mjomba akasema tanuri lilikasirika kwa kusogelewa na mwanamke. Wazee wakaitikia.

Siku hizi vijana wanaoyeyusha shaba huko barabarani wanavaa miwani na glavu, na nikipita nasimama kuwatazama mpaka wananishangaa. Mjomba amezeeka, anatuma watu kwangu: Zuhura asamehe, maisha yalikuwa magumu kwa kila mtu. Yalikuwa magumu, sikatai. Lakini ugumu wa maisha haukurusha nyaya. Alirusha Mbaruku, na mimi niliyebakiwa na macho nilimwona.