Mtu wa Kusogeza Bamba

Kwa miaka ishirini na tisa Wanda Piskorz alisogeza bamba la shaba. Ukimsikiliza Daktari Lindqvist, mkuu mpya wa maabara ya leza pale Rochester, hiyo haikuwa kazi bali mazoea mabaya ya mama mtu mzima.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Leza ikiipiga shaba kwa ukali mdogo, shaba hupata joto tu. Ukiongeza ukali, huyeyuka, huchemka, na mvuke wake huwaka ukawa plazma: kimwali kidogo kuliko punje ya mtama, cheupe kuliko cheche za mchomeleaji. Ukizidi kuongeza, plazma hiyo huanza kuinywa leza yenyewe, kama msimamizi akaaye mlangoni akipokea pongezi za walio ndani, na shaba iliyo chini huambulia kidogo. Ndiyo maana mwangaza hupanda, kisha hugota. Lakini hayo huonekana tu iwapo kila pigo litatua kwenye shaba safi. Likitua kwenye shimo la pigo lililopita, kuta za shimo huibana plazma, nayo hung'aa kwa sifa isiyo yake.

Kwa hiyo Wanda alikuwa akizungusha parafujo ya kusogezea bamba baada ya kila pigo, anaangalia kwa kioo cha kukuzia, ndipo anasema, "Haya." Maprofesa watano walikuja wakaondoka, na wote waliisubiri "haya" hiyo.

Lindqvist hakuumbiwa kusubiri. Alinunua mota ya kusogeza bamba, akamwandikia Wanda barua yenye adabu zote: kuanzia tarehe mosi Aprili, kwa shukrani nyingi, mota itatosha. Wanda alikuwa amebakiza miezi kumi na minne tu apate pensheni kamili. Barua haikuligusia hilo. Pengine karatasi ilikuwa fupi.

Jumanne daktari alimpa Wanda mapumziko ili mota ifanye kazi bila kuingiliwa. Alipiga mapigo arobaini, kila moja kali kuliko lililotangulia, na mwangaza ukapanda, ukapanda, wala haukugota. Kumbe vitabu vyote vilikuwa vimekosea, na mwenye kuvisahihisha amepatikana! Kabla hata hajala chakula cha mchana alikwisha kuwaalika watu wa kamati ya ufadhili waje Ijumaa.

Jumatano Wanda alilichukua bamba kwenda kulisafisha. Akaweka kioo, akatafuta mashimo arobaini. Aliona shimo moja, refu, lenye kingo nyeusi. Mota ilikuwa imezunguka kwa bidii asubuhi nzima, ila hakuna aliyekumbuka kukaza kiungo kinachoishikanisha na bamba.

Alikwenda kumweleza mkuu wake faraghani, kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha. Lindqvist hakuondoa macho kwenye kompyuta.

"Wanda, nakuelewa. Hata mimi ningekitetea kibarua changu. Lakini usinichafulie kazi."

"Liangalie tu, Daktari. Dakika moja."

"Ijumaa njoo umependeza, basi."

Ijumaa, walipokwisha kula samaki wa Kwaresima, wageni watatu waliketi wakamsikiliza Lindqvist saa nzima. Mkubwa wao alikuwa Bi. Ostrander, mwanafizikia mstaafu aliyeanza kuchezea leza kabla daktari hajazaliwa. Grafu hakuitazama sana. Aliomba aletewe bamba. Wanda akalileta, na bibi huyo akainamia kioo kwa muda mrefu.

"Kijana, umesema mapigo arobaini. Mbona mimi naona shimo moja?"

Lindqvist alikohoa. Kisha akafanya jambo ambalo Wanda, ingawa alimdharau daktari, bado hakulitarajia kwake. Alimnyooshea Wanda kidole.

"Samahani sana. Kusogeza bamba ni kazi ya fundi wetu. Amesahau."

Pensheni Wanda angeweza kuililia kimyakimya nyumbani. Jina lake, hapana.

"Jumanne sikuwepo, Daktari," alisema. "Ulinipa mapumziko. Na barua uliyoniandikia inasema mota inatosha. Ninayo hapa mfukoni."

Bi. Ostrander aliisoma barua, akaikunja vizuri, akaomba kazi irudiwe mbele yake, kwa mkono. Wanda akasogeza bamba pigo kwa pigo. Mwangaza ulipanda, kisha ukagota palepale vitabu viliposema, na vitabu vikasamehewa.

Juma lililofuata ilikuja barua nyingine. Kamati imependekeza Wanda abaki, na Daktari Lindqvist, kwa ukarimu wake unaojulikana, amekubali. Cheo kipya cha Wanda kitakuwa msaidizi wa mota.

Wanda aliisoma mara mbili. Akaingia stoo, akafunga mlango, akalia kwa hasira mpaka pua ikamziba. Kisha akanawa uso, akarudi, akatia saini, maana hasira haina pensheni.